Jicho la Mama na Kondoo wa Daktari Hanna

Uholanzi,
mwanzo wa Novemba

Mama yangu mpendwa, Mama Iddi,

Shikamoo. Na shikamoo tena. Hiyo ya pili ni akiba, maana kwa umbali huu ya kwanza huenda imechoka njiani. Hujambo? Ule mguu unaolalamika wakati wa baridi umetulia? Kovu la shingoni limekauka? Kuku wako wanataga au wamegoma? Mimi nipo, nakula, mashavu yameanza kujaa, na upepo wa huku unavuma mpaka najisikia niko nyumbani. Wenzangu wanaulaumu. Mimi nawaambia, nyie huu ndio mnauita upepo? Njooni Singida mwezi wa nane mkashike mabati.

Hamisi, mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma, nakujua. Soma kwa sauti na usiruke mahali, hata pale nitakapokusema wewe. Kabla hujaendelea, kamwite Shangazi Salima na Baba Mdogo. Shangazi mpe kile kiti chenye mgongo, si kigoda. Mwambie barua ya leo ni ya kwake pia. Tunamsubiri.

Amekaa? Haya. Baba Mdogo, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Najua hujaitikia. Sina haraka.

Mama, barua mliyomwagiza Hamisi aiandike niliipata pamoja na ile picha. Nilianza na picha, kama mtoto anayeanza na nyama. Nikakuona umekaa studio ya mjini, nyuma yako pazia la maua, shingo umeifunika kwa mtandio, mapajani umepakata redio kaseti mpya ya Hamisi kama unamnyonyesha mtu. Kweli nchi imefunguka! Nilipoondoka, redio ya Ilongero nzima ilikuwa moja na betri zake zinaanikwa juani. Halafu nikaona jicho lako la kushoto limefumba nusu. Nikacheka peke yangu, nikasema, mama yangu ananikonyeza. Ndipo nikaifungua barua.

Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa juu ya gunia la chakula cha kondoo.

Nirudie mlichoniandikia, ili kama nimeelewa vibaya mnisahihishe. Mama alipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, hospitalini, akapona vizuri. Siku zote za wodini mke wangu Zainabu ndiye aliyempikia uji, aliyemwosha, aliyelala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Siku ya kurudi mlipanda lori lililokuwa linakuja Ilongero kufuata alizeti. Barabara vumbi tupu. Zainabu akavua kanga ya mabegani mwake akamfunga Mama shingoni kukinga kidonda, na fundo likakaa upande wa kushoto. Mlipofika nyumbani, Shangazi akamtazama Mama usoni, akaona kope la kushoto limeanguka. Akaifungua ile kanga, akalikuta fundo upande uleule. Akasema, "Huyu kafungwa jicho." Tangu hapo kope halikuinuka. Zainabu, kwa kosa la lile fundo, akarudishwa kwao Mungaa na mtoto wetu mgongoni, na kabla ya mvua za kupandia wazee watakaa waivunje ndoa yangu, na shamba lake la uwele apewe mtu mwingine.

Ndivyo? Kama ndivyo, nipeni nafasi niseme kabla ya hizo mvua. Ila nitaanza na kazi yangu, maana jibu la jicho la Mama nililikuta zizini.

Mnajua niliondoka Ilongero nikiwa utingo wa lori, nikafika bandarini Dar es Salaam, na kutoka hapo nikafika Ulaya nikiwa si abiria wala si baharia. Hayo tuyaache, karatasi nimeshapata. Nimeosha vyombo. Nimemenya viazi vya kulisha jeshi. Nimevuna maua, huku Mama maua yanalimwa kama mtama, mashamba kwa mashamba, halafu hayaliwi! Lakini sasa mwanao ni Mkuu wa Mifugo katika nyumba ya utafiti, nakaa meza moja na wasomi, nakunywa nao kahawa, wananiita kwa jina. Kweli sina mtu chini yangu, na ufagio naushika mwenyewe, lakini ukuu ni ukuu.

Bosi wangu ni mama mmoja mrefu kama nguzo ya simu, Daktari Hanna. Si daktari wa kutibu watu, ni wa kuchunguza wanyama. Tulikutana siku dume lake la kondoo lilipotoroka barabarani, mabwana waliovaa makoti meupe wanalifukuza huku na huku kama wanacheza kombolela. Mimi napita zangu. Nikalisubiri kwenye kona nikalidaka mguu wa nyuma, nikalilaza. Daktari akaja anahema.

"Umesomea wapi hiyo?"

"Singida."

Akadhani ni chuo. Sikumkatalia.

Kondoo wake wanakaa vyumba visivyo na dirisha. Jua lao ni taa. Daktari akitaka iwe asubuhi anawasha, akitaka iwe jioni anazima. Mimi niliwapa wote majina kwa rangi zao, kama tunavyofanya nyumbani, Madoa, Mwekundu, Kijivu, na ninaongea nao Kinyaturu, kwa sababu Kiholanzi changu kinatembea kwa magongo na wao hawanicheki.

Anachokitafuta Daktari Hanna ni kitezi kilichomo katikati ya kichwa, kidogo kama kunde. Wanakiita pineali. Kondoo wanacho, Mama unacho, hata Shangazi anacho. Kazi yake ni kujua kwamba kumekuchwa. Giza likiingia kinatengeneza dawa yake na kuimwaga kwenye damu, na mwili mzima unapata taarifa: sasa ni usiku. Na usiku ukianza kurefuka siku hadi siku, mwili unajua majira yamegeuka.

Sasa jiulizeni kama nilivyojiuliza mimi. Kitezi chenyewe kiko gizani maisha yake yote, kimefunikwa na fuvu. Nani anakiambia? Jicho ndilo linaloona, lakini taarifa haiendi moja kwa moja. Inatoka jichoni, inapita ubongoni, inashuka na uti wa mgongo mpaka kifuani, kisha inapanda tena shingoni kwa mishipa ya fahamu, mmoja upande wa kulia na mwenzake kushoto, ndipo inarudi kichwani kukifikia kitezi. Nilipoelezwa nikasema, Daktari, huyu ni mtu anayetoka Ilongero kwenda Kinyangiri akapitia Manyoni! Hakuelewa kitu, lakini alicheka kwa sababu mimi nilicheka.

Lakini hayo nilielezwa baadaye. Mwanzoni nilikuwa mgeni, kazi yangu samadi na majani, hakuna aliyenieleza lolote. Siku moja Daktari alikuwa amewapasua baadhi ya kondoo shingoni, wamelazwa kwa dawa, hawasikii kitu, na mshono umefunikwa safi kabisa. Asubuhi yake naingia kuwapa majani, namkuta Madoa kope zote mbili zimeanguka. Namgeukia Mwekundu, hivyohivyo. Nikasema hapa pana ugonjwa wa macho, na wazungu hawajauona.

Na nyie mnajua jicho la mnyama kwetu linatibiwaje. Nikaenda jikoni kwa wasomi nikachota chumvi, nikaijaza mdomoni, nikaitafuna mpaka ikawa maji. Nikamkumbatia Madoa kichwa kama alivyonifundisha Mjomba Shabani, nikamtemea jichoni, pyuu! Na la pili, pyuu! Mwekundu naye akapata haki yake. Nilikuwa nimemshika wa tatu, mashavu yamejaa, mlango ukafunguka.

"Iddi! Unafanya nini?"

Ningejibu vipi na mdomo umejaa? Nikameza. Mama, ile chumvi ilishuka inanikwangua mpaka tumboni.

"Natibu."

"Unatibu nini?"

"Macho. Yameanguka."

Nikajua leo nafungashiwa virago. Kumbe Daktari Hanna akakaa chini palepale juu ya majani, na koti lake jeupe, akacheka mpaka akafuta machozi. Alipomaliza akaushika mkono wangu, akaweka kidole changu shingoni kwa Madoa, karibu na mshono, akakipandisha taratibu mpaka kwenye kope.

"Mshipa unaosaidia kuinua hili kope unapita hapa," akasema. "Ni njia moja na ule unaokwenda kwenye kitezi. Mimi nimekata huku chini, kope limelala kule juu. Ungelitibu jicho mwaka mzima, Iddi. Jicho halina kosa."

Hamisi, hapo rudia. Jicho halina kosa. Ugomvi uko shingoni.

Mwishowe kondoo wale walichinjwa, kwa sababu kitezi huwezi kukipima kikiwa ndani ya kichwa. Hapo sitasema mengi. Madoa nilimpeleka mwenyewe, naongea naye njia nzima, maana hakukubali kufuatana na mwingine, na siku hiyo sikunywa kahawa na mtu. Kitezi chake kikagandishwa kwa baridi ya ajabu inayofuka moshi, kikasagwa, kikatiwa kwenye mashine. Daktari akaniita nione, kwa sababu alijua ni Madoa.

Kumbe kila mshipa wa fahamu una kitu chake unachokidondosha mwisho wa safari ili kufikisha ujumbe. Huu wa shingoni unadondosha kitu kinaitwa noradrenalini. Soma polepole Hamisi, ukishindwa ruka hilo moja tu, ninakuruhusu. Kwa kondoo waliokatwa pande zote mbili, kitu hicho kwenye kitezi kilikuwa kama hakipo. Mishipa ilikuwa imekauka, imekwenda nacho. Na kuna kingine, serotonini. Hicho kwa kondoo mzima mchana kinajaa, usiku kinapungua, kwa sababu ndicho kinachogeuzwa kuwa ile dawa ya usiku. Kwa akina Madoa kilikuwa kimepungua, na kilichobaki hakipandi wala hakishuki, mchana sawa na usiku. Kitezi ni kizima, Mama. Kina damu, kina uhai, hakijaguswa na kisu. Basi tu hakuna wa kukiambia kwamba kumekuchwa. Hata taa zilipofupishiwa muda, madume wengine wakaanza kuwapigia kelele majike, wao wanatafuna tu, wanatazama ukuta. Hapo naachia hapo, Shangazi yupo.

Lakini palikuwa na kundi jingine, na hili ndilo naomba mlisikilize. Hao walikatwa upande mmoja tu. Jicho moja limelala, jingine liko wazi. Kila asubuhi nikiingia wananikonyeza, nikawa nawajibu. Kwa hao, noradrenalini ilipungua kama nusu. Nikamwambia Daktari, basi hawa wamebaki nusu kondoo. Akasema hapana. Siku za mwanzo kitezi kiliyumba, kisha mshipa wa upande uliobaki ukabeba kazi na ya mwenzake. Usiku wao ulikuwa usiku, mchana wao ulikuwa mchana.

Sasa mnaelewa kwa nini, nilipoinuka kwenye lile gunia, niliichukua picha ya Mama nikakimbilia ofisini kwa Daktari Hanna bila kuvua mabuti ya samadi. Nikaiweka mezani. Akaitazama, akachukua kioo cha kukuzia, akaitazama tena.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Amepasuliwa shingo?"

Mama, nilikuwa sijamwambia! Kovu lako liko chini ya mtandio! Amekaa Uholanzi, hajawahi kuiona Ilongero hata kwenye ramani, na ameijua shingo yako kwa kutazama jicho. Nikavuta kiti nikakaa na mabuti yangu.

Akanionyesha jambo ambalo hamjaniandikia, labda hamjaliona. Kope limeshuka, ndiyo. Lakini pia mboni ya jicho lile, ule weusi wa katikati, ni ndogo kuliko ya upande wa pili. Ndivyo ilivyokuwa kwa kondoo wetu. Akasema mara nyingi na uso wa upande huo hauchuruziki jasho, kwa sababu jasho nalo linaagizwa na mshipa uleule. Akasema rovu likiwa kubwa linaweza kuubana mshipa, au mshipa ukaguswa wakati wa kulitoa, hutokea hata kwa mikono mizuri, hata kwao huku, na si jambo la kumtafutia mtu lawama. Jicho litaona kama kawaida. Ila amesema mara mbili na mimi naandika mara mbili: Mama aende hospitali aonyeshe jicho na kovu kwa daktari wa watu. Aende hospitali.

Nikamweleza habari ya kanga. Nilitafuta maneno mpaka jasho likanitoka pande zote mbili.

"Alifunga kwa kitambaa gani? Kizito?"

"Kanga, Daktari. Ukiipuliza inaruka."

"Haiwezi. Mshipa huo uko ndani kabisa, nyuma ya mshipa mkubwa wa damu. Kanga ingefika huko, mama yako angekosa pumzi kwanza. Na kidonda? Kilioza?"

"Hapana."

"Na vumbi lote hilo ulilonieleza?"

"Hapana, kilipona."

"Basi mwambie mke wako ahsante."

Nimeandika kama alivyosema. Mwanamke msomi wa Ulaya, anayekata mishipa ya shingo kwa mkono wake mwenyewe, anamshukuru Zainabu wa Mungaa kwa fundo lile.

Hamisi, inua macho kwenye karatasi. Msogeze Mama mlangoni penye mwanga, halafu mrudishe ndani kwenye kivuli, ndani ndiko tofauti inaonekana zaidi. Shangazi amtazame yeye mwenyewe, mboni ya kushoto na ya kulia. Baba Mdogo naye atazame. Na kesho jua likikaza, Mama apepete uwele uani, na akianza kutoka jasho Shangazi ampanguse uso kwa kiganja chake. Hilo la jasho Daktari amesema mara nyingi, hakusema kila mara. Lakini la mboni nimeliona kwa macho yangu pichani. Kama si kweli, niiteni mwongo, na mnajua nimeshaitwa hivyo kwa mambo madogo zaidi ya hili.

Na jambo jingine. Shangazi aliliona jicho nyumbani, ndiyo. Lakini kabla ya hapo nani alikuwa anakutazama machoni, Mama? Wodini hapakuwa na kioo, umelala na bandeji, wageni wanakuja wanatazama shingo, wanasema pole, wanaondoka. Zainabu peke yake ndiye aliyekuwa ameinama juu ya uso wako na kijiko cha uji. Muulizeni kope lilianguka siku gani. Nakaribia kuapa kwamba aliliona palepale kitandani akanyamaza, asikutishe.

Shangazi, usinyanyuke kwanza. Sikuandika haya ili kukuaibisha mbele ya watu. Ulikuta fundo upande wa kushoto, ukakuta jicho limeanguka upande wa kushoto, ukasimama kumpigania mke wa kaka yako. Wangapi wangefanya hivyo kwa wifi? Mimi nilikuta jicho limeanguka nikamtemea kondoo chumvi. Sote wawili tulilitazama jicho. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilipata mtu wa kunishika kidole akanionyesha njia inakopita. Nami nakushika chako, kwa barua.

Mama, limebaki moja. Hamisi ameandika chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba siku hizi hulali. Unakaa macho mpaka jogoo anawika, na watu wanasema ni kwa sababu ya jicho. Nilipofika hapo ndipo niliogopa kweli. Nikamfikiria Madoa anatazama ukuta. Nikamuuliza Daktari, mama yangu naye atakuwa hivyo, asijue usiku na mchana?

"Amekatwa upande mmoja," akasema. "Wa pili upo, unabeba. Atajua usiku."

"Mbona halali?"

Akafikiri. Akaniuliza, "Zamani alikuwa analala na nani?"

Nikamwambia, na mjukuu wake. Binti yangu, somo yake, aliyepewa jina lake. Hawezi kusinzia bila kumshika bibi yake sikio.

"Yuko wapi sasa?"

"Mungaa, na mama yake."

Daktari Hanna akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akanirudishia picha yako.

Kwa hiyo, Mama, dawa ya usingizi wako sitaituma kutoka Ulaya, ingawa huku zipo za kila rangi. Ile kanga iko wapi? Najua Shangazi hakuichoma, Shangazi hachomi kanga nzima. Itafuteni, ifuliwe, ianikwe. Kisha uende Mungaa, wewe mwenyewe, kabla ya kikao na kabla ya mvua. Usitume mtu. Hamisi akupakie kwenye baiskeli mpaka barabarani, upate gari la mjini, na kutoka hapo ufike. Najua mama mkwe hamfuati mkwewe. Watu watasema. Waache waseme, wakichoka watanyamaza.

Ukifika uani kwao, usianze na maneno marefu, wala usimweleze habari za kitezi, hayo nitamweleza mimi nikijaliwa kurudi. Mpe ile kanga mkononi. Mgeuzie shingo yako, upande wa kushoto. Umwambie, "Nifunge, mwanangu, njiani kuna vumbi."

Halafu mrudi wote watatu.

Baba Mdogo, nakuomba kile kikao kisikae mpaka Mama awe amerudi. Nakuomba kama ambavyo ningemwomba marehemu baba. Nisalimie Mjomba Shabani anayetuchungia ng'ombe, mwambie mambo ya chumvi yana mipaka yake, na kama ana swali aniulize mimi, mtaalamu. Nisalimie fundi baiskeli jirani yetu, atie upepo ile baiskeli bila kuuliza inakwenda wapi. Mama mkwe wangu wa Mungaa apewe shikamoo yangu na Mama kwa mdomo wake, si kwa karatasi. Na binti yangu, mwambieni baba yake ana kondoo wanaokonyeza, na kwamba sikio la bibi yake ni lake, hakuna aliyelichukua.

Hamisi, wewe umesoma vizuri. Kunja barua uiweke, sasa kalete baiskeli.

Mwanao anayekukonyeza naye kutoka huku,

Iddi, Mkuu wa Mifugo, na ufagio wake

Shangazi, bado naisubiri marahaba yangu. Ukiitoa, itoe kwa nguvu. Huku kuna upepo.